Nyoka Utamlisha, Kumtunga Huwezi

Kipya kinyemi ingawa kidonda, walisema wahenga wetu. Siku hizi kikuukuu nacho kimepata wapenzi. Huko Uingereza watu wenye mvi wanazisaka kompyuta za nyumbani za utotoni mwao, ZX Spectrum na Commodore 64, zote za mwaka 1982. Wanazinunua, wanazitengeneza, na kucheza michezo ile ile iliyokuwa ikisomwa kutoka kanda za kaseti.

Nilipotembelea Embu na Meru nilijiuliza: mtu wa makamo wa huku aikumbuke kompyuta gani? Mwaka 1982 Mto Tana, huu huu unaotushukia Kipini, ulikuwa umekwisha kuzuiwa kwa mabwawa manne upande wa Embu: Kindaruma (1968), Kamburu (1974), Gitaru (1978) na Masinga (1981). Umeme wake ulikwenda mijini. Nyumba nyingi za mashambani, hata zilizo jirani na mitambo, zilibaki na kibatari. Na pasipo umeme hapana Spectrum, hata kwa mwenye fedha zake.

Kompyuta ya kwanza kuingia nyumba nyingi za huko ilikuja mfukoni, baada ya mwaka 2000, nayo ni simu. Katika Nokia mlikuwa na mchezo wa nyoka, ambao Taneli Armanto wa Finland aliutia katika Nokia 6110 mwaka 1997. Pale Meru mjini fundi mmoja wa simu alinitajia alama alizopata miaka hiyo kwa fahari, kama mtu atajaye nasaba yake. Hiyo ndiyo kumbukumbu yao, wala wasiionee haya.

Lakini iko tofauti. Spectrum ukiiwasha, ilikungoja uiandikie amri kwa lugha ya BASIC. Mtoto aliyecheza leo, kesho aliweza kutunga mchezo wake. Nokia ilikuja imekwisha fungwa: nyoka utamlisha, kumtunga huwezi.

Basi hamu ya zamani ni ya namna mbili. Mwaka 2017 Nokia 3310 ilirudishwa sokoni na nyoka wake ndani. Watu wakauziwa ujana wao mara ya pili. Lakini kule Cambridge, Eben Upton na wenzake waliona kuwa vijana wanaoomba kusomea kompyuta hawakujua tena kuandika programu kama wale wa enzi ya BASIC. Mwaka 2012 wakatoa Raspberry Pi, kompyuta ndogo ya bei nafuu ya kujifunzia. Hamu hiyo ilizaa.

Serikali ya Kenya ilianza kugawa vishikwambi shuleni mwaka 2016, na mwaka 2022 mtaala wa kuandika programu ukaidhinishwa. Ni heri. Nawaambia wazazi wa Meru na Embu, na wa kwetu Pwani: msihesabu vishikwambi. Muulizeni mtoto ametunga nini. Asiyetunga chake, uzeeni atakumbuka vya watu.