ALIYESUKUMA BAISKELI NDIYE MWENYE AKILI, ACHENI KUMCHEKA!

Wiki nzima mitandaoni gumzo ni klipu moja tu. Staa mmoja wa Bongo Fleva, yule ambaye kila akikaribia kuachia ngoma lazima kwanza atafute kiki, kaenda Arusha na washkaji zake kuendesha baiskeli za milimani kwenye miteremko ya Mlima Meru. Baiskeli kali, miwani ya bei mbaya, ngoma yake mwenyewe inapiga kwa nyuma. Na wenyewe wanasema kwenye video kwamba ni mara yao ya kwanza kugusa njia ngumu namna ile.

Huko juu mambo yalikuwa poa, vumbi na kona za kawaida. Halafu ikafika sehemu ya mawe na mizizi, njia inashuka kama ngazi za ghorofa. Hapo mwigizaji mmoja wa kike aliyekuwa kwenye msafara akashika breki, akashuka, akaisukuma baiskeli yake taratibu hadi chini. Basi, kosa lake ni hilo tu. Staa akaiposti ile klipu na maneno kwamba wengine wamezaliwa kuendesha na wengine kusukuma. Komenti zikamiminika: muoga, mzigo, arudi jikoni, baiskeli ya mamilioni inasukumwa kama toroli la maji.

Sasa tuambizane ukweli. Kwenye msafara ule wote, mtu pekee aliyefanya kama mwendesha baiskeli ni yule dada. Wengine walikuwa wanaigiza, na ajabu ni kwamba mwigizaji ni yeye.

Tuanze na wanaosema "pro hashuki kwenye baiskeli". Nani kawadanganya? Wale wanaoshindana Kombe la Dunia la mbio za kushuka mlima, watu wanaolipwa kwa kazi hiyo, kabla ya kuiendesha njia wanaitembea kwa miguu kutoka juu hadi chini. Wanasimama kwenye jiwe, wanaangalia tairi lipite wapi, wanabishana, wanarudi nyuma wanaangalia tena. Hakuna anayewaita waoga. Sasa bingwa wa dunia anatembea, halafu mtu aliyekodi baiskeli juzi anaona kutembea ni aibu?

Mnataka mfano? Mathieu van der Poel wa Uholanzi. Julai 2021 jamaa alivaa jezi ya njano ya Tour de France, siyo mtu wa mchezo. Mwezi huohuo akaenda kwenye Olimpiki ya Tokyo kwa mbio za baiskeli za milimani. Kwenye mazoezi kulikuwa na ubao umewekwa sehemu moja ya kushuka toka kwenye jiwe. Siku ya mbio ubao haukuwepo. Yeye akaja akijua upo, tairi la mbele likakuta hewa, akapigwa mweleka wa maana, na mwisho akajitoa kwenye mbio. Dhahabu akachukua Tom Pidcock wa Uingereza. Huyo ni mtu aliyeifahamu njia, akakosea kitu kimoja tu. Wewe ambaye hukijui hata kimoja unapata wapi kifua cha kumcheka aliyesimama akaangalia kwanza?

Halafu kuna kitu wachekaji hawakijui kabisa. Sehemu kama ile ya mawe haitaki nusunusu. Unaiendesha kwa uhakika au unashuka kwenye baiskeli, hakuna katikati. Ukija na mwendo mdogo sana kwa sababu ya woga, tairi la mbele linadumbukia kwenye pengo la mawe na linabaki hapohapo, wewe unaendelea na safari peke yako. Ukiibana breki ya mbele ghafla kwenye mteremko, siti inakurusha juu ya usukani. Ndiyo maana wanaojua wanapunguza mwendo kabla ya mawe, siyo juu ya mawe. Siti inateremshwa chini, unasimama juu ya pedeli zikiwa sambamba, viwiko vimefunguka, makalio nyuma kidogo, macho yanaangalia unakokwenda na siyo tairi lako. Hayo hayafundishwi na kamera. Yanafundishwa na kurudia, tena kwenye kijiwe kidogo kwanza, halafu kikubwa.

Na mtu anaingia kwenye nusunusu kwa sababu gani? Aibu! Moyoni anajua hawezi, lakini washkaji wanapiga kelele nyuma, simu zinarekodi, anajitosa. Katikati anaghairi, anabana breki, kwisha habari yake. Kwa hiyo yule anayecheka aliyeshuka, anawasukuma wengine kumi waende kuanguka. Utani wa namna hii una mifupa ndani yake.

Wenzetu Marekani na Kanada njia hizi zimewekewa alama kama za barabarani. Duara la kijani ni nyepesi, mraba wa bluu ni ya kati, almasi nyeusi ni ngumu, almasi mbili nyeusi ni ya wanaojua wanachofanya. Mtu anasoma kibao, anachagua saizi yake. Kwetu njia nyingi za milimani ni za watu kwenda shamba na kuteka maji, hakuna kibao wala almasi. Kibao chako ni macho yako na kijana wa pale kijijini anayeijua njia. Na hapa ndipo staa wetu alipochemka zaidi. Msafara ule ulikuwa na vijana wawili wenyeji waliowatangulia, wakawa wanawaonyesha pa kupita. Ukiangalia vizuri sekunde za mwanzo, mkono wa mmoja wao unaonekana unaelekeza. Klipu nzima iliyobaki wamekatwa. Bila wao asingefika hata kwenye hayo mawe, lakini sifa kabeba yeye.

Na jingine: mbona klipu inaishia staa akiwa juu ya mawe? Chini yako wapi? Mbwembwe zote zile, sehemu ya kufikia ndiyo haijapostiwa. Siku mbili baadaye staa kaonekana kwenye hafla Dar, joto lile la Dar, kavaa mikono mirefu na mkono mmoja kaficha mfukoni usiku kucha. Watu wa msafara wanasema alibiringita. Kuanguka siyo dhambi, kila anayeendesha milimani anaanguka. Dhambi ni kuuficha mweleka wako halafu kuuanika uangalifu wa mwenzako kama kichekesho.

Najua jibu la mashabiki wake lipo mdomoni tayari: "Bila kuthubutu hakuna anayejifunza." Kweli kabisa. Nani kabisha? Lakini kuthubutu ni nini? Hao vijana wenyeji wanasimulia kwamba yule dada kesho yake alfajiri, wakati wenzake wamelala na hangova, aliwaomba wampeleke tena. Bila kamera. Wakaigawa ile sehemu vipande vitatu. Cha kwanza akakipita mara nne. Cha pili akaanguka mara moja, akajipangusa, akakipita. Cha tatu akakiangalia, akasema hiki bado, akasukuma tena. Hakuposti kitu. Sasa niambieni kati ya wawili hao nani kathubutu na nani kafanya shoo. Mmoja karudi mjini anajua vipande viwili vya ile njia kwa mwili wake. Mwingine karudi na klipu na mkono unaouma.

Na kwa wale waliomwandikia "arudi jikoni": mawe hayaulizi jinsia. Mtulinga wa mwanaume unavunjika kama wa mwanamke.

Haya yote yangekuwa umbea wa wikiendi kama yangeishia Arusha. Hayajaishia. Staa aliwaambia mafolowa wake wamtumie klipu zao "wakishuka bila kushuka". Zimetumwa. Moja ni ya dogo wa kidato cha tatu, mkoa wenye vilima vikali, kachukua baiskeli ya baba yake. Siyo baiskeli ya gia wala ya shokapu. Ni ile ya chuma ya kubebea maziwa, keria nyuma, breki za vyuma zinazoshika zikitaka. Kofia ngumu hana, kamba ya kandambili ndiyo gia yake. Kashuka nayo korongoni. Klipu inaisha na vumbi na sauti ya watoto wanaocheka, halafu hawacheki tena.

Dada yake alijitokeza kwenye komenti: dogo kavunjika mtulinga, rimu ya mbele imepinda kama namba nane, na baba sasa anapeleka maziwa kwa miguu, hafiki nusu ya wateja wake kabla hayajachacha. Staa akajibu nini? Emoji ya kucheka na neno moja: "mwamba". Mtoto wa mtu kavunjika, biashara ya nyumba imesimama, wewe unampa cheo cha mwamba! Cheo hicho kinalipa eksirei?

Kwa hiyo kaka staa, usijifanye huyaoni haya. Moja, posti kile kipande cha chini. Kionyeshe mweleka wako ili watoto waone ile njia ilivyo kweli. Mbili, warudishe wale vijana wawili kwenye picha, uwataje, maana ndio walimu wenu. Tatu, mwombe radhi yule dada hadharani, palepale ulipomdhalilisha. Nne, mnunulie yule mzee wa maziwa baiskeli. Bei yake haifiki hata hiyo miwani yako.

Na ninyi mnaopanga kwenda milimani likizo hii, nendeni, raha ipo! Vaeni kofia ngumu, kagueni breki kabla ya kupanda, mtafuteni mwenyeji anayeijua njia, anzeni na iliyo nyepesi. Mkifika kwenye mawe na roho ikakataa, shukeni, itembeeni, iangalieni. Mlima hauhami, mtarudi. Wakicheka, waacheni wacheke wakiwa mbele yenu, mtawakuta chini wakitafuta meno.

Wadau, mnaonaje? Yule mzee alipwe baiskeli yake au kila mtu abebe mzigo wake? Fungukeni hapo chini, ila matusi hapana.