Kompyuta Moja, Wageni Wawili

Wahenga walinena kwamba fahali wawili hawakai zizi moja. Usemi huo yafaa ukumbukwe na kila jamaa iliyokubali kuazima kompyuta ya nyumbani kwa kazi za wanasayansi. Mara nyingi mwenye kompyuta hukaribisha programu mbili kwa nia njema, kisha akagundua kwamba moja imekula nguvu zote na nyingine imeshinda njaa.

Kazi hizi za kujitolea zilianza kujulikana sana mwaka 1999, ulipozinduliwa mradi wa SETI@home katika Chuo Kikuu cha California, Berkeley. Hesabu kubwa hukatwa vipande vidogo, kila kipande hupelekwa kwa njia ya intaneti kwenye kompyuta ya mtu wa kawaida, na jibu hurudishwa. Haba na haba hujaza kibaba: mwezi Machi 2020, wakati wa janga la korona, kompyuta za Folding@home kwa pamoja zilivuka hesabu bilioni moja mara bilioni moja kwa kila sekunde. Bara la Afrika nalo limeguswa na juhudi hizo. Mwaka 2019, World Community Grid ilianzisha mradi wa kukokotoa mvua za nchi zilizo kusini mwa Sahara.

Ili kugawa nguvu kwa haki, hapana budi kutofautisha mambo mawili, yaani cheo na fungu. Kila askari anajua tofauti yake. Cheo huamua nani atangulie. Fungu huamua kila mmoja apate posho kiasi gani. Anayetumia cheo kugawa posho atawaacha wadogo bila chakula.

Ndivyo ilivyo ndani ya prosesa. Katika Windows, programu yenye cheo cha juu hutangulia, na ya chini huokota makombo. Katika Linux, cheo hupimwa kwa namba iitwayo nice, kuanzia -20 hadi 19, na hiyo 19 ndiyo ya chini kabisa. Programu ya namba 0 hupewa uzito wa 1024, lakini ya namba 19 hupewa uzito wa 15 tu. Zikigombea kiini kimoja cha prosesa kwa uzito huo, ya kwanza huchukua zaidi ya sehemu 98 katika kila 100.

Kwa hiyo cheo kitumike kulinda wenye nyumba. Programu zote za kujitolea ziwekwe cheo cha chini kabisa, ili mtoto anayeandika kazi ya shule, au mama anayepanga hesabu za matumizi, asikwazwe na wageni. Wageni wenyewe wagawiwe kwa fungu.

BOINC, programu inayosimamia miradi mingi ya namna hii, hutumia njia hiyo. Kila mradi hupewa fungu la 100 pasipo kuulizwa. Mwenye kompyuta akiupa mmoja 300 na mwingine 100, wa kwanza hustahili robo tatu za muda, sawa na saa 18 katika 24, na wa pili saa 6. Mradi uliopewa fungu la 0 hungoja, ukafanya kazi pale tu ambapo mingine haina kazi.

Hata hivyo, hesabu hii haifungwi kwa siku moja. Kila kipande cha kazi kina tarehe yake ya kurudishwa, na BOINC ikiona kwamba kimoja kitachelewa, hukitanguliza hata kama fungu lake limekwisha, kisha hulipa deni kwa miradi mingine siku zinazofuata. Anayebadili mafungu kila asubuhi huivuruga hesabu hiyo. Kipande kikichelewa mno huenda kikapewa mtu mwingine, na umeme uliotumika ukawa umepotea bure.

Shida kubwa huja pale BOINC inapokaa pamoja na Folding@home, ambayo haimo chini ya usimamizi wake. Mafungu ya BOINC hayaihusu hata kidogo. Katika Windows, Folding@home ikipandishwa cheo juu ya BOINC, zizi limeshapata fahali mmoja. Dawa yake ni kuzitenga. Katika prosesa yenye viini 4, BOINC iamriwe isitumie zaidi ya asilimia 50 ya viini, na Folding@home ipangiwe viini 2. Hapo hapatakuwa na ugomvi.

Yafaa pia ieleweke kwamba cheo cha chini hakipunguzi umeme. Prosesa inayofanya kazi usiku kucha hutumia umeme na kutoa joto, iwe inafanya kazi ya bwana au ya mgeni. Wala cheo hakirudishi kumbukumbu ya kompyuta iliyokwisha kukaliwa na programu hizo. Jamaa yenye kipato kidogo ifanye vyema kuchagua mradi mmoja na saa chache, kazi zikakamilika kwa wakati, kuliko kuikaribisha mitano isiyomaliza hata kimoja. Ukarimu wa kweli hupimwa kwa chakula kilichomfikia mgeni, wala haupimwi kwa wingi wa wageni waliojaa barazani.