Kiswahili Bubu katika Hatari! ya Howard Hawks

Husemwa mara kwa mara katika semina zetu kwamba filamu ya Hatari! (1962) ilikipa Kiswahili heshima kwa kulitangaza neno lake moja ulimwenguni. Wapo wanaofika mbali zaidi na kutaka ihesabiwe miongoni mwa kazi za ucheshi zilizo zetu, kwa kuwa ilitengenezwa Tanganyika, karibu na Mlima Meru, na kwa kuwa watoto wa ndovu wake wanatimka mbio katika barabara za Arusha. Nalipinga dai hilo, wala sababu yangu si ile ya ubeberu wa kitamaduni, ambayo imekwisha kuwa kibwagizo kinachoimbwa hata na wasioitazama filamu yenyewe. Sababu yangu ni ya kiutanzu.

Hawks hakuwa msanii wa kubahatisha. Bringing Up Baby (1938) na His Girl Friday (1940) ni miongoni mwa filamu zilizoweka kaida za ucheshi wa mapenzi Hollywood, na wahakiki wa jarida la Cahiers du cinéma huko Ufaransa walimtukuza tangu miaka ya 1950. Siri yake ni ulimi. Katika His Girl Friday, mume na mke walioachana wanakatizana kauli kwa kasi ya kumkosesha mtazamaji pumzi. Mapenzi yao hudhihirika katika majibizano kabla ya kudhihirika kwingine kokote. Anayeweza kujibu ndiye anayeweza kupendwa. Kaida hiyo inatawala pia Hatari!, ambayo mswada wake uliandikwa na Leigh Brackett: Sean (John Wayne), mkamata wanyama wa kupelekwa katika bustani za maonyesho, na Dallas (Elsa Martinelli), mpigapicha, wanapendana kwa kugombana. Na wanachekesha kwelikweli, sikatai.

Ni nani basi aliyenyimwa ulimi? Waafrika wa filamu hii hushika kamba, hubeba na kutumikia. Hakuna hata mmoja aliyepewa kauli ya kumkatiza bwana wake, wala mpenzi wa kugombana naye. Kiswahili chao kimebanwa katika amri, salamu na majina. Katika filamu ya vita dosari hiyo ingeweza kupita. Katika utanzu ambao uhai wake wote ni majibizano, ni sawa na kumwalika mtu ngomani kisha ukamfunga miguu. Ndovu wachanga wenyewe wana nafasi kubwa zaidi katika kisa cha mapenzi kuliko wakazi wote wa Arusha, kwani ndio wanaomsaka Dallas anapotoroka. Dallas naye anatunukiwa jina la Mama Tembo, jina ambalo msikilizaji wa Mombasa angeweza kudhani ni la muuza pombe ya mnazi. Huo ndio mzaha pekee wa Kiswahili filamuni, na waundaji wake hawakuukusudia.

Nitajibiwa kwamba hizo zilikuwa zama za ukoloni. Jibu hilo halitoshi. Filamu ilipotoka Tanganyika ilikuwa imekwisha kujitawala, tangu tarehe 9 Desemba 1961, na mwaka 1963 Julius Nyerere alichapisha tafsiri yake ya Julius Caesar. Lugha iliyokuwa tayari kubeba hotuba za Warumi isingeshindwa na ugomvi wa wapendanao.

Ithibati iko hapa Kenya. Katika Vitimbi, mchezo wa runinga uliotamba tangu miaka ya 1980, Mzee Ojwang' na Mama Kayai ni mume na mke wanaopendana kwa majibizano, kwa Kiswahili chenye lafudhi ya Kijaluo ambacho walimu wa sarufi walikichukia. Marehemu Benson Wanjau, aliyeigiza uhusika huo na kufariki mwaka 2015, alijulikana pia kama Ojwang' Hatari. Neno ni lile lile. Ila hapa lina mdomo, lina mke wa kulijibu, na hadhira inayolicheka kwa kulielewa. Wahakiki wetu hawajaupa mchezo huo hata nusu ya wino waliommwagia Hawks.

Napendekeza, basi, Hatari! isomwe katika kozi ya sinema ya Marekani, pamoja na Mogambo (1953) ya John Ford, ambayo hata jina lake linalodaiwa kuwa la Kiswahili si Kiswahili. Katika kozi ya ucheshi wa Kiswahili, nafasi yake ichukuliwe na Vitimbi kuanzia muhula ujao.