CD za River Road hazina shahidi

Haya, kuna watu bado wanasema kunakili CD ya muziki ni kuingiza diski, kubonyeza kitufe na kwenda kunywa chai. Kwa CD ya Michael Jackson sina ugomvi nao. Ikiharibika, utapata nyingine. Nazungumzia CD za benga, za kwaya na za taarabu zilizouzwa River Road na nje ya makanisa miaka ya 2000. Kuna ambazo hazikutoka kiwandani kabisa, zilichomwa moja moja kwenye CD-R. Rangi inayoshika data kwenye CD-R huharibika kwa joto na mwanga, na huenda hiyo uliyo nayo kabatini ndiyo nakala ya mwisho.

Wengi hudhani muziki kwenye CD ni faili kama faili nyingine. Sivyo. CD ya data imegawanywa katika sekta, na kila sekta ina baiti 2,048 za data pamoja na msimbo wa ziada wa kusahihisha makosa. Sekta ya muziki ina baiti 2,352 na zote ni sauti. Usahihishaji upo, unaitwa CIRC, lakini ukishindwa, draivu hukisia sauti iliyopotea kwa kutazama iliyo kabla na baada yake, kisha inaendelea kimya kimya. Kwa redio ya sebuleni hilo ni jambo zuri. Kwa mtu anayehifadhi, ni uongo.

Kwa hiyo tumia programu isiyoamini draivu. Kwenye Windows ni Exact Audio Copy, ambayo Mjerumani Andre Wiethoff aliitoa mwaka 1998 na bado ni ya bure kwa matumizi ya nyumbani. Kwenye Linux kuna whipper, kwenye Mac kuna XLD. Katika hali yake salama, Exact Audio Copy husoma kila kipande zaidi ya mara moja na kulinganisha. Majibu yakitofautiana, hurudia mara 16, na ikipata 8 yanayofanana inaendelea. Yasipofanana hujaribu tena, na ikishindwa kabisa inakuandikia kwamba hapa kuna shaka.

Bonyeza F10 ufungue mipangilio ya draivu, na hapo usiwe na haraka. Jambo kubwa ni kache. Draivu nyingi huweka kumbukumbu ya kilichosomwa sasa hivi, kwa hiyo ukiiambia isome tena inakupa jibu lile lile bila kugusa diski. Iache programu ichunguze draivu yako, kisha uweke alama panapohusu kache. Kipengele cha C2, ambacho draivu hudai hutangaza makosa yake yenyewe, mimi hukizima. Mshukiwa hajiandikii ripoti ya polisi.

Halafu kuna ofseti. Kila modeli ya draivu huanza kusoma mapema kidogo au kuchelewa kidogo, kwa sampuli kadhaa au mamia. Sekunde moja ina sampuli 44,100, hivyo sikio halitajua. Lakini bila kurekebisha ofseti, draivu mbili hutoa faili mbili tofauti kutoka diski moja, na huwezi kulinganisha chochote na AccurateRip, hazina ya namba za uhakiki zinazotokana na nakala za watu wengine duniani.

Na hapa ndipo penye kiini. Ingiza albamu maarufu ya nje, AccurateRip itakuambia watu wangapi walipata matokeo kama yako. Ingiza CD ya kwaya ya mtaani, hakuna shahidi hata mmoja. Wengine hapo hukata tamaa na kurudi kwenye MP3 za haraka. Mimi nasema hapo ndipo mipangilio mizuri inahitajika zaidi. Rekebisha ofseti kwa CD maarufu ya kiwandani, kisha weka ile ya kwaya na ubonyeze Shift+F6. Programu itaisoma mara mbili na kulinganisha namba ya CRC ya kila wimbo. Zikifanana, usishangilie bado, kwa sababu mkwaruzo mmoja unaweza kuidanganya draivu moja vilevile mara zote mbili. Peleka diski kwenye draivu ya rafiki. Namba zikifanana na huko, umejitengenezea shahidi. (Ukipata CD-R nyingine ya albamu hiyo, isikushangaze ikipishana na yako kwa sampuli chache. Mashine zilizochoma hazikuwa moja.)

Hifadhi kwa FLAC. Albamu ya dakika 60 ni takriban MB 635, na FLAC huipunguza hadi karibu nusu bila kupoteza hata biti moja. Utaniambia kwenye spika za matatu tofauti na MP3 haisikiki. Kweli. Lakini MP3 ya simu utaitoa kwenye FLAC wakati wowote, na kinyume chake hakiwezekani. Zile diski za “nyimbo 150” ziache, hizo ni MP3 tayari, nakili faili tu.

Diski mbovu inaweza kukula saa nzima au zaidi. Iache ifanye kazi usiku. Anza na za CD-R, zile ambazo upande wa chini una rangi ya kijani au buluu, na faili la ripoti usilifute, liweke kwenye folda moja na nyimbo.