Usiuze Glasi za Susu

Juzi niliona glasi ya harusi ikiuzwa mtandaoni. Ukingo wa dhahabu, maua mawili, majina ya bwana na bibi harusi, mwaka 1987. Muuzaji ameandika: "Ya zamani, nzuri kwa juisi." Watu wanauliza bei. Hakuna hata mmoja aliyeuliza hao wawili ni nani.

Nilikasirika, halafu nikaona aibu, maana mimi pia nimewahi kuuza. Karo iliponishinda nikaacha chuo, nilitoa glasi nne katika kabati la susu yangu kule Kilungu nikampelekea jamaa mmoja wa Nairobi anayekusanya vitu vya kale. Zilikuwa na picha ya kanisa letu na tarehe ya kufunguliwa kwake. Pesa zenyewe zilikuwa za nauli na chipsi tu. Susu alipojua hakunigombeza. Aliniuliza, "Na ulimwambia waliobeba mawe ni akina nani?"

Sikuwa najua. Ndipo akanieleza. Kanisa lile liko mlimani, juu ya Nunguni, na wakati huo lori halikufika. Akina mama ndio waliopandisha mawe na maji mgongoni, kamba ikiwakata kipajini. Siku ya kulifungua wakapewa glasi. Bamba la ukutani lina jina la mgeni wa heshima. Wao hawajaandikwa popote. Risiti yao ni ile glasi.

Sisi vijana wa mjini tunapenda kucheka yale makabati: glasi hazinywewi, zimefunikwa vitambaa, ati zinangoja wageni wasiofika. Wacha niseme wazi: lile kabati ni makumbusho, na susu ndiye mtunzaji. Anafanya kazi hiyo bila mshahara.

Kuna watakaosema hiyo si sanaa, sanaa ya vioo ni ile ya Kitengela. Naiheshimu kazi ya Nani Croze na mwanawe Anselm, wanaogeuza vioo vilivyotupwa kuwa vitu vya kushangaza. Lakini fundi wa glasi za kumbukumbu naye hubandika karatasi iliyokatwa herufi, akarusha mchanga kwa hewa yenye nguvu mpaka kioo kikwaruzike na jina libaki. Huyo naye si fundi? Au glasi inakuwa sanaa ikishafika hotelini?

Na msiniambie serikali itahifadhi. Joseph Murumbi alikuwa makamu wa rais mwaka 1966, na hakuna Mkenya wa enzi yake aliyekusanya kumshinda. Sehemu ya hazina yake ipo jengo la nyaraka za taifa pale Moi Avenue, nenda ukaione. Lakini nyumba yake ya Muthaiga, aliyotaka iwe kituo cha utafiti, iliachwa ikaharibika, mwishowe ikabomolewa. Kama hayo yalimpata makamu wa rais, susu wa Kilungu atatetewa na nani?

Sina ugomvi na wakusanyaji. Bila wao glasi nyingi zingeishia jaani. Ugomvi wangu ni na anayenunua bila kuuliza. Huyo anakusanya vioo, hakusanyi historia. Kioo hakiozi, kweli, ila dhahabu hutoka ukiisugua kwa waya wa sufuria, na anayekumbuka majina anazeeka kila siku.

Kwa hivyo Desemba hii ukienda ushago, kabla hujapiga selfi na mbuzi, fungua kabati. Muulize susu hii ilitoka wapi, nani alikuwepo, nani alilipa. Mrekodi kwa simu. Andika kwenye kikaratasi, kikunje, kiweke ndani ya glasi. Na wewe unayeuza mtandaoni, andika jina la kijiji iliyotoka. Herufi chache tu, bana. Zitakugharimu nini?

Mimi nilirudi kwa yule jamaa. Tatu zilikuwa zimeshauzwa, hakumbuki kwa nani. Ya nne niliinunua kwa mara mbili ya bei aliyonipa. Iko kabatini Kilungu sasa, na ndani yake kuna karatasi yenye majina kumi na moja, yale susu aliyoweza kuyakumbuka. Anasema walikuwa zaidi ya thelathini.