Dinosaria wa Mpira

Wako wanaonilaumu, mtu mzima na mvi zangu, kwa kukesha nikitazama senema za dinosaria wa mpira. Lawama naipokea, lakini nina la kusema.

Ichukueni "Carnosaur" ya mwaka 1993, ya marehemu Roger Corman, iliyotoka wiki chache tu kabla ya "Jurassic Park". Hiyo ya pili ilikula zaidi ya dola milioni 60. Ya Corman haikuzidi milioni moja. Dinosaria wake hutoka katika mayai ya kuku, tena mwendo wao ni kichekesho kitupu. Damu imemwagwa ovyo, na mambo ya uzazi yaliyomo si ya kutazamwa na watoto. Hapo simtetei mtu.

Lakini mtazameni Diane Ladd, mamake Laura Dern aliyecheza katika ile ya mamilioni. Maneno ya mtaalamu mwenye wazimu anayasema kwa dhati, wala hatabasamu. Kucheka twacheka sisi. Wallahi, senema ngapi za fedha nyingi zimenilaza kitini! Hii ya fedha chache, adhana ya alfajiri ilinikuta ningali macho.