Msitu wa kijiji ni amana, si ngawira

SIFA zote njema anazistahiki Allah (SW), aliyeiumba ardhi kwa mizani na akamfanya mwanadamu khalifa juu yake. Rehma na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (SAW), jamaa zake na masahaba zake.

Ndugu Waislamu, limeenea miongoni mwetu fikra kwamba msitu ni mali ya Serikali, na kwamba mali ya Serikali haina mwenyewe. Fikra hiyo imekula misitu yetu kuliko shoka. Takwimu za Serikali zimekuwa zikitaja upotevu wa takriban hekta 469,000 za misitu kila mwaka hapa Tanzania. Swali la kujiuliza leo ni hili: nani mlinzi wa neema hii, na atailinda kwa nini?

Jibu moja limepatikana karibu nasi, wilayani Kilwa. Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 iliviruhusu vijiji kutenga misitu iliyomo katika ardhi yao, kuitungia mpango wa usimamizi na sheria ndogo, na kubaki na mapato yake. Mkutano mkuu wa kijiji huamua, na kamati ya maliasili husimamia. Kilwa ina mpingo, mti ambao wazungu huutengenezea zumari zao za bei kubwa na Wamakonde huuchonga vinyago. Mti huu huchukua miaka 70 hata 100 kukomaa. Anayeukata leo hakuupanda, wala babu yake hakuupanda. Ni amana aliyoikuta.

Mwaka 2009 misitu ya vijiji vya Kikole na Kisangi ilipata cheti cha kimataifa cha FSC, kinachothibitisha kuwa mbao zimevunwa kwa utaratibu usiouangamiza msitu. Ilikuwa miongoni mwa misitu ya asili ya mwanzo barani Afrika kupata cheti hicho ikiwa mikononi mwa wanakijiji wenyewe.

Elimu ya kisasa ilitoa msaada wake, nasi hatuna sababu ya kuiogopa, kwani hekima ni ya Muislamu popote aipatapo. Mipaka ya msitu hupimwa kwa kifaa cha GPS, kikapunguza ugomvi wa kijiji na kijiji. Miti huhesabiwa na kupimwa unene katika maeneo ya mfano, ikajulikana mingapi yaweza kukatwa bila kuipunguza rasilimali. Gogo hupigwa alama, likaweza kufuatiliwa hadi kwenye kisiki lilikotoka. Na setilaiti huonyesha moto ulikowaka, jambo lenye manufaa makubwa katika misitu ya miombo, ambako moto wa mwisho wa kiangazi huteketeza miche michanga.

Hata hivyo, tusidanganyike. Setilaiti huona pale msitu unapofyekwa, lakini mti mmoja wa mpingo ukitolewa usiku kati ya miti mingine, jicho la angani aghalabu halitambui. Anayetambua ni mwanakijiji anayekipita kisiki asubuhi. Na bahasha inayotiwa mfukoni mwa kiongozi haionwi na chombo chochote. Hapo ndipo unapokoma uwezo wa mashine na kuanza wajibu wa taqwa. Chombo kikiwa mikononi mwa mtu khaini, kazi yake ni kumwonyesha tu mti mnono ulipo.

Uislamu una fundisho lake katika jambo hili, nalo ni hima. Zama za Jahiliya, wakubwa wa makabila walikuwa wakijitengea malisho bora na kuwazuia wanyonge. Mtume (SAW) akaipiga marufuku hima ya namna hiyo, akaacha ile tu iliyo kwa maslahi ya umma, na yeye mwenyewe akaitenga Naqii, karibu na Madina, kwa ajili ya farasi wa jihadi. Sayyidna Umar (RA) alipomweka Hunayy kusimamia hima, alimuusia awe mpole kwa watu na aiogope dua ya aliyedhulumiwa. Akamwamrisha awaruhusu wenye ngamia wachache na mbuzi wachache, na awazuie matajiri kama Abdurrahman bin Auf na Uthman bin Affan (RA), kwani hao mifugo yao ikifa wana mashamba na mitende ya kuwategemeza, ilhali maskini akipoteza wanyama wake atakuja na watoto wake kulia mlangoni kwa khalifa.

Tutafakari, ndugu zangu. Waliozuiwa walikuwa masahaba watukufu, na hapakuwa na shaka yoyote juu ya wema wao. Walizuiwa kwa kuwa haki ya kwanza katika mali ya umma ni ya dhaifu. Basi kijiji kinapouza magogo yake, je, mjane anayeokota kuni katika msitu huo alishirikishwa? Je, hesabu ilisomwa mbele ya mkutano, au ilisomwa baina ya watu watatu chumbani? Msitu unaowanufaisha wachache utalindwa na wachache, na wengi watauchoma bila huruma.

Nasi wa mijini tusijitoe katika hesabu hii. Tusimlaumu mchoma mkaa anayesukumwa na njaa, tukalisahau jiko letu linalomngoja. Serikali ilizitaka taasisi zinazopikia watu zaidi ya 100 kwa siku ziache kuni na mkaa ifikapo Januari 2024. Madrasa za bweni zimo katika amri hiyo, na wenye uwezo wanaotafuta sadaka ya kuendelea wazifikirie kwa jiko na gesi. Familia yenye uwezo wa kubadili nishati na ibadili. Mnunuzi wa mbao naye aulize kibali, kwa kuwa kununua mali ya wizi kwa kujua ni kuushiriki wizi.

Maimamu wa vijiji wana nafasi yao pia. Khutba moja kwa mwaka juu ya amana ya msitu, ikitolewa kabla ya msimu wa moto, yaweza kufanya ambacho doria haikuweza.

Mtume (SAW) ametufundisha kwamba apandaye mti, wakala kwao ndege, mtu au mnyama, huandikiwa sadaka. Iwapo hiyo ndiyo thawabu ya kupanda mmoja, tujipime wenyewe mbele ya maelfu ambayo Mola alitupandia, nasi tukaambiwa tuyatunze tu.

Allah (SW) atujaalie kuwa walinzi waaminifu wa amana zake. Amin.

Wabillahi tawfiq.